Karatasi ya Ukutani na Jicho la Mtoto



Ukipita katika nyumba za Waislamu huku kwetu Mbekenyera, ni nadra kukuta sebule yenye ukuta mtupu. Hapa pana kalenda yenye picha ya Al-Kaaba, pale pana Ayatul Kursiy ndani ya fremu ya kioo, na kwingine pana karatasi ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) iliyobandikwa miaka mingi iliyopita, ikashika moshi hata lile kuba la kijani likawa jeusi. Vitu hivi hununuliwa zaidi baada ya ufuta na korosho kuuzwa, mkono unapokuwa na fedha kidogo. Hununuliwa kwa mapenzi ya dini, na nia hiyo ni njema.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qurani. Elimu yangu ya serikali iliishia shule ya msingi, na iliyobaki niliipata kwa masheikh, nimekaa juu ya mkeka. Sikusomea sanaa popote. Lakini mtu anayefundisha herufi kwa miaka mingi hana budi kuzitazama, na kwa kuzitazama nimeingiwa na hamu ya kujua watoto wetu wanaona nini wanapoinua macho ukutani. Nimewauliza wengi: "Katika ile picha ya kwenu pameandikwa nini, na ni nani aliyeandika?" Jawabu nililolipata mara nyingi ni moja: "Hatujui, Maalim. Ni pambo."

Jawabu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nataka kuzungumza nanyi juu ya picha hizi za chapa zinazouzwa kwa bei nafuu, na juu ya kumfundisha mtoto kuzitazama. Wako wanaodharau nakala, wakasema kitu cha thamani ni kile cha asili tu, na kwa kuwa cha asili kiko mbali, basi sisi wa vijijini hatuna fungu. Na wako wanaonunua kila king'aacho bila ya kuuliza. Mimi naona nakala ya bei ndogo yatosha kumfungulia mtoto mlango, kwa masharti mawili: iwe sahihi, na awepo mtu wa kumwonyesha namna ya kutazama.

Na mfano mkubwa wa nakala tunao mikononi mwetu kila siku, wala hatuutambui. Msahafu ule wa Madina, ambao mahujaji huja nao na ambao umeenea katika misikiti na madrasa zetu, maandishi yake ni khati ya mkono wa mtu. Jina lake ni Uthman Taha, aliyezaliwa mwaka 1934 katika viunga vya Halab, nchi ya Sham. Mwaka 1973 alipata ijaza ya uandishi kwa Hamid al-Amidi, bingwa wa khati wa Istanbul, na mwaka 1988 akahamia Madina kuandika katika kiwanda cha Mfalme Fahd cha kupiga chapa Msahafu, kilichofunguliwa mwaka 1984. Msahafu huo una kurasa 604, kila ukurasa una mistari 15 isipokuwa zile mbili za mwanzo, na kila ukurasa humalizikia mwisho wa aya, ili mwenye kuhifadhi asikatwe katikati. Fikiria, ndugu yangu, hesabu aliyoipiga mwandishi ili maneno yatulie hivyo, mstari wa mwisho usibanwe wala usitawanywe! Kisha kazi yake ikapitishwa mbele ya jopo la wanavyuoni, wakaisoma herufi kwa herufi kabla ya mashine kuruhusiwa kuizidisha kwa mamilioni. Basi mtoto wa Mbekenyera anayefungua juzuu yake chini ya mkorosho anatazama kazi ya mmoja katika mabingwa wa zama hizi, na pengine hakuilipia hata senti.

Sisi tulipokuwa wadogo tulianza kwa ubao, na wino wa masizi. Mwalimu aliandika, sisi tukafuatisha, tukasoma, kisha tukaosha ubao na kuanza upya. Kwa hivyo tulijua kwa vidole vyetu kwamba alifu ina mwanzo na mwisho, na kwamba nun ikikosewa mzingo wake huporomoka. Mtoto wa leo hupokea herufi zilizokwisha kamilika. Hiyo ni neema, lakini neema hiyo imemfichia mkono uliofanya kazi. Ndiyo maana siku ya kwanza ya somo hili huwaambia wanafunzi wangu jambo moja tu: kila herufi mnayoiona iliandikwa na mtu aliyevuta pumzi, akaishika kalamu yake, akaogopa kukosea.

Huwasimulia habari za Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Huyu alikuwa waziri, na ndiye anayetajwa kuwa aliziwekea herufi mizani: nukta moja ya kalamu ikawa ndiyo kipimo, alifu ikapimwa kwa nukta, na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu. Fitina za siasa zikamkumba, akakatwa mkono wa kulia; nayo husimuliwa kwamba alifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Baada yake akaja Ibn al-Bawwab, ambaye Msahafu alioandika Baghdad mwaka 391 wa Hijra umehifadhiwa leo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, nchi ya Ireland. Na watoto wasidhani mambo haya ni ya Baghdad peke yake. Katika pwani yetu hii, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulikuwa na waandishi waliotengeneza Misahafu kwa mkono, karne ya 18 na ya 19, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Waswahili walikuwa na khati yao.

Nilipoanza kutundika karatasi katika madrasa, hapakukosekana maneno. Mzazi mmoja alinijia akaniambia kwa heshima, lakini kwa uso uliokunjana: "Maalim, tumekupa watoto uwasomeshe dini. Hii habari ya kukaa wakitazama karatasi itawafikisha wapi?" Nilimjibu kwamba katika Sahihi Muslim imo hadithi ya mtu aliyeuliza juu ya kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, na Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa uzuri ni jambo alipendalo Mwenyezi Mungu, na kwamba kiburi ni kitu kingine. Nikamwambia pia kuwa mtoto asiyetazama vizuri hasomi vizuri, kwa sababu nukta huigeuza ba kuwa ta. Akaondoka bila ya kunikubali wala kunikataza.

Mwingine aliuliza juu ya picha za viumbe vyenye roho. Suali hilo lina haki yake. Wanavyuoni wengi wamekataza kuchora na kuchonga viumbe hivyo, na juu ya picha za kamera wamekhitilafiana. Mimi si mufti, nami sitaki madrasa yangu iwe uwanja wa mabishano. Ukuta wetu una maandishi, majengo, maua na mapambo ya mistari, navyo vyatosha kumshughulisha mtoto mpaka atoke ndevu.

Sasa nieleze tunavyofanya, huenda mwalimu mwenzangu au mzazi akapata la kuchukua.

Tuna karatasi nne. Mwanafunzi wangu wa zamani, anayefanya kazi Ruangwa mjini, alizitafuta katika intaneti kwa simu yake, akazichapisha katika duka la steshonari, akazitia katika mifuko ya nailoni ili mchwa na mvua visizile upesi. Gharama ya karatasi moja haikufikia bei ya kilo ya sukari. Hututundiki zote pamoja. Hutundika moja kwa mwezi mzima, kwa kamba na vibanio, juu kiasi cha macho ya mtoto. Siku ya kwanza hakuna maelezo. Wanakaa kimya, wanatazama. Kisha kila mmoja anataja kitu kimoja alichokiona, wala haruhusiwi kusema "nzuri" au "mbaya"; ataje alichokiona kwa macho. Siku ya pili wanahesabu: mistari mingapi, matao mangapi, umbo gani linarudi na linarudi mara ngapi. Siku ya tatu wanafuatisha kwa kidole mchangani, au kwa kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha yake mshazari. Ndipo huwaeleza kitu hicho ni nini, kiko wapi, na kilifanywa lini.

Karatasi ya kwanza ni ukurasa wa Msahafu, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Ya pili ni maandishi ya mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Ni khati ya Kufi, na ncha za herufi zake zimechanua kama majani. Watoto hawawezi kuisoma mara moja, hukasirika kidogo, kisha mmoja hulitambua jina la Mwenyezi Mungu, na hapo wote husogea mbele.

Ya tatu ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Kilwa imo katika mkoa wetu huu wa Lindi, lakini katika darasa langu hakuna aliyewahi kufika. Msikiti huo ulianzishwa karne ya 11, na mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ulipanuliwa kwa matao na makuba ya mawe. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331, na mwaka 1981 magofu yake yakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kijana mmoja alipoliona tao likirudi nyuma ya tao, aliniuliza: "Maalim, waliojenga hapa walikuwa watu wa huku kwetu?" Nilimwambia ndiyo, ni watu wa pwani hii hii, kwa mawe ya bahari hii hii. Alinyamaza muda mrefu. Mimi nadhani kimya kile kilikuwa somo kuliko maneno yangu.

Ya nne imetoka mbali. Ni mihrabu ya vigae ya mwaka 755 wa Hijra, yaani 1354 au 1355, iliyotengenezwa kwa madrasa moja ya Isfahan, nchi ya Uajemi, na ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Jumba hilo, mwezi wa Februari 2017, lilitoa picha zaidi ya 375,000 za vitu vyake, kila mtu duniani azitumie bila ya malipo wala ruhusa. Hapo ndipo utajua kuwa umaskini wetu mwingine ni wa kutokuwa na habari. Mihrabu ile imefanywa kwa vipande vidogo vya vigae, buluu na nyeupe na rangi nyinginezo, kila kimoja kimekatwa kwa umbo lake kikaoanishwa na mwenzake. Aya za Suratut-Tawba zimeizunguka kama pindo la kanga.

Lakini nakala ina upungufu wake, na ni wajibu kuwaambia watoto ukweli huo. Karatasi haina ukubwa wala mng'ao wa kitu chenyewe. Mihrabu ya Isfahan katika karatasi yetu ni ndogo kuliko juzuu. Asili yake ina urefu wa karibu mita 3 na nusu, na upana wa karibu mita 3. Basi tulitoka nje, tukachora umbo lake mchangani kwa ukubwa wake wa kweli, kwa kamba na vigingi. Watoto wakalala ndani yake kupima, wawili kwenda urefu, na nafasi ikabaki. Baada ya siku hiyo hapana aliyeitazama ile karatasi kama kitu kidogo.

Tena huwapa kazi moja ya nyumbani, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi: watafute kwao kitu kilichofanywa kama kile kilichomo katika picha. Wengi huja na mkeka. Ukili husukwa kwa miyaa myeupe na ya rangi, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu, na umbo likipishana kwa jicho moja tu, kasoro huonekana mpaka mwisho. Mwanamke anayeusuka anahesabu kichwani, hana karatasi. Wengine huja na kofia ya kushonwa kwa mkono, wakahesabu vitundu vyake. Mama mmoja mzee aliniambia kuwa mjukuu wake hakuwahi kumuuliza lolote juu ya mikeka, na sokoni watu wamehamia mikeka ya plastiki. Ila siku ile mtoto alikaa karibu naye mpaka magharibi akiuliza kwa nini rangi nyekundu haikuanza pembeni. Wako watakaosema hili ni jambo dogo. Ujuzi wa mama yule umo katika vidole vyake, naye amezeeka. Asipoulizwa sasa, hautaandikwa popote.

Sasa nitaje tukio lililonithibitishia faida ya somo hili. Mzee mmoja, jirani yangu, alinunua katika msimu wa korosho Ayatul Kursiy yenye kung'aa, herufi za rangi ya dhahabu juu ya kitambaa cheusi, fremu pana. Aliilipia zaidi ya bei ya jembe na panga kwa pamoja. Akaitundika mbele ya mlango, na wageni wakamsifu. Mjukuu wake, binti wa miaka 12, aliitazama kama alivyozoeshwa, neno kwa neno, akaona neno moja limeruka. Hakusema mbele ya watu. Alinijia kesho yake, ameliandika mahali pake katika karatasi, akauliza: "Maalim, ni macho yangu?"

Hayakuwa macho yake. Nilikwenda kwa mzee baada ya Isha, tukiwa peke yetu, nikachukua Msahafu. Aliposikia alibadilika. Akasema: "Waliochapa ni watu wa elimu, Maalim. Leo mtoto ndiye awakosoe?" Sikubishana naye. Nilifungua ukurasa wa 42, tukasoma mstari kwa mstari, yeye akifuata ukutani kwa fimbo yake. Alipofika pale penye kasoro, fimbo ilisimama. Kisha akauliza: "Wageni wangapi wameisoma hii?" Nikamwambia: "Wameitazama, Mzee."

Kwa siku tatu alikuwa hazungumzi sana. Siku ya nne aliiteremsha mwenyewe, akatoa kile kitambaa, nacho kikachomwa kwa heshima na majivu yakafukiwa. Fremu haikuwa na kosa lolote. Ukurasa ule wa 42 ukatolewa nakala kubwa katika duka la steshonari, tukausahihisha, ukatiwa katika fremu ile ile. Na kabla ya kutundikwa, mzee alimwita mjukuu wake ausome kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani. Hivyo kitu cha bei kubwa katika ile picha kilikuwa mbao na kioo, na maandishi yaliyo sahihi yalipatikana kwa fedha ndogo mno.

Ndugu wazazi, msimu ukifika mtanunua tena, nami siwazuii. Ninawaomba machache. Kabla ya kutoa fedha, mpeni picha mtu anayejua kusoma, aifuate neno kwa neno akiwa na Msahafu. Mchuuzi mwaminifu hatakasirika. Msitundike aya mahali pa moshi, wala karibu na choo, wala mahali zitakapopigwa na mvua. Na kalenda yenye jina la Mwenyezi Mungu ikimalizika mwaka msiitupe jaani wala msifungie vitumbua. Bora karatasi moja inayoeleweka kuliko kumi zinazong'aa. Na usiku mmoja katika juma, kabla ya watoto kulala, waulizeni wanaona nini ukutani. Msiwajibie. Wakisema kitu ambacho ninyi hamjapata kukiona, inukeni mkakitazame pamoja nao.

Nanyi vijana wenye simu, ambao mwapata katika dakika moja kile ambacho wazee wetu wasingekipata kwa safari ya miezi, tafuteni humo Kizimkazi, Kilwa na Siyu. Chagueni karatasi moja, mkaichapishe, muipeleke katika madrasa iliyo karibu nanyi. Mwalimu wa huko atajua la kufanya nayo, na asipojua, watoto watamwonyesha.

Wabillahi taufiq.